Binti wa Ngazi ya Kamba

Asubuhi ile ukungu ulipofunguka, mji ulijitokeza wote kwa mpigo: nyumba nyeupe zimepandana mlimani, madirisha ya bluu, na chini yake miamba myeusi mirefu kuliko meli yetu, iliyoacha mwanya mwembamba tu wa kuingilia. Mimi nimeuza vitambaa maisha yangu yote, upana wa kitu naukadiria kwa jicho. Niliutazama ule mwanya, nikaitazama meli, nikajisemea hapa hatupiti.

"Wifi," nikasema, "kama kuna sala uliyoiacha nusu, imalizie sasa."

Wifi akaishika reli kwa mikono miwili. Ni mjane wa marehemu kaka yangu, mkunga aliyestaafu juzijuzi. Mwanawe wa pekee, daktari wa meno, ndiye aliyemlipia safari hii ya kumpongeza, na mwenyewe akaja nasi, katika meli ndogo ya abiria wachache, ile ambayo ukikohoa mezani watu wa nyuma wanakupa pole. Mimi nilikatiwa tiketi ili mama mtu asikose wa kubishana naye. Tulikuwa tumeshapita miji kadhaa, tukanunua kofia, tukapiga picha, tukarudi melini. Huu nao ulikuwa mji wa kushuka asubuhi na kuondoka alasiri.

Mhudumu wa sitaha alitueleza kwamba hapa hakuna nahodha anayeingia kwa ujuzi wake mwenyewe. Mji una marubani wake, watu wanaolijua kila jabali lililojificha chini ya maji, na mmoja wao huja na boti hadi huku nje, akapanda melini, akaiongoza mpaka gatini. Wifi akauliza meli itasimama wapi ili huyo rubani apande. Mhudumu akacheka kwa adabu, akasema meli haisimami. Ikisimama mahali hapa, mkondo unaichukua na kuipeleka kwenye miamba.

Basi tukaona kwa macho yetu. Ngazi ya kamba yenye vipago vya mbao ilining'inizwa ubavuni, na boti ndogo ya njano ikaja mbio, ikipotea na kuibuka katikati ya mawimbi, mpaka ikajibana na meli huku zote mbili zikiendelea na safari. Mbele ya boti alisimama mtu mmoja, kofia ngumu kichwani, jaketi la kuelea kifuani, mikononi hana kitu. Wimbi likamshusha tukamwona mdogo kule chini, likamwinua mpaka nikaona vifungo vya jaketi lake. Aliliacha hilo lipite, akaliacha na lililofuata. Lilipokuja jingine likafika juu kabisa, wakati boti imetulia kitambo cha kupepesa jicho, alinyoosha mguu akahamia kwenye ngazi kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Boti ikadondoka chini yake. Yeye akabaki ametundikwa kwenye ukuta wa meli, maji yakimrukia viatuni, akapanda kipago kwa kipago, bila haraka na bila kutazama chini.

Nimeona mengi katika umri huu, lakini sikuwahi kumwona binadamu mdogo hivyo akisimama mbele ya kitu kikubwa hivyo, kisha kile kikubwa kikampisha. Wifi alikuwa anafumba macho na kuyafumbua, machozi yanamtoka.

"Huyu kijana ana mama," akasema. "Kuna mwanamke mahali alimbeba huyu, akamnyonyesha, na kila siku anamwachia aende kufanya hivi. Ee Mungu, mlinde. Mpe na mke mwema wa kumpokea akirudi."

"Amina," nikasema, na nilimaanisha.

Wifi akaenda chumbani kutafuta viatu vya kushukia. Hakuona kilichofuata. Rubani alivuka reli, akavua ile kofia ngumu ili amsalimie nahodha, na nywele za kusuka zikamwangukia mabegani. Nyuma yangu kikombe kikavunjika. Nilipogeuka nilimkuta mwana wa kaka amesimama mikono mitupu, chai imemmwagikia suruali, na hana habari.

Yule binti akamwona. Walitazamana muda ambao mtu angeweza kufunga kamba ya kiatu, si zaidi, lakini nilihisi kana kwamba nimeingia chumba cha watu bila hodi. Kisha akavaa kofia yake, akapanda kwenye chumba cha usukani, kwa sababu miamba ilikuwa inakuja.

"Kumbe ndiyo maana meli nyingine zote nilizokuonyesha zilikuwa mbaya," nikamwambia Daktari.

"Shangazi, sikujua kama angekuwa zamu," akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Nilimfahamu binti mwenyewe, na ninyi mnastahili kumfahamu. Alikuja mjini kwetu kusomea ubaharia, akapanga chumba cha uani kwa wifi. Siku moja alivunjika jino mazoezini, Daktari akalitengeneza, na tangu siku hiyo jino likawa haliishi kuuma hata likiwa zima. Waliogopa kusema. Walipokuja kusema, mezani wakati wa chakula cha mchana, na mimi nipo, wifi aliweka kijiko chini akatamka kwamba mwanamke anayeondoka kitandani usiku kwenda kuning'inia kwenye kamba hawezi kuwa mke wa mwanawe. Alilisema kwa upole, na hilo lilikuwa baya zaidi. Daktari aliitazama sahani yake. Kabla ya jua kuzama binti alikuwa amefunga mizigo, na toka hapo mwana wa kaka amekataa kila msichana aliyeletewa, kwa adabu kubwa, akisema ana wagonjwa wengi.

Meli ikaingia kwenye mwanya. Mlango wa chumba cha usukani ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, nikamsikia: sauti ya chini, isiyo na wasiwasi, ikimwambia nahodha kidogo kushoto, hapohapo, sasa polepole. Na nahodha, mwanaume mwenye ndevu na nyota mabegani, akawa anaitikia ndiyo rubani, ndiyo rubani. Miamba ilipita pande zote mbili karibu kiasi cha kuona kaa wanavyokimbia. Kisha ghafla maji yakatulia, yakawa ya kijani kama chupa, na mji ukatuzunguka.

Tuliposhuka nilimwacha wifi kwenye benchi la duka la mikate, magoti yake hayapendi ngazi za mawe, nikamwambia nampeleka Daktari akanunue dawa ya kichwa. Tulifuata gati mpaka kwenye chumba cha marubani, ghorofani, chenye dirisha moja kubwa linalotazama mwanya. Viatu vya mpira vimepangwa mlangoni, majaketi yanadondosha maji kwenye vigingi, redio inanong'ona majina ya meli, birika linachemka. Alikuwa peke yake, anafuta darubini kwa kitambaa.

Akanipa shikamoo kwa mikono miwili, akanivutia kiti. Mimi nikakigeuzia dirishani nikajifanya natazama bahari. Masikio nikayaacha mezani.

Daktari akaigeuzageuza kofia yake mkononi. Mtu anayewaambia watu fungua kinywa mchana kutwa, chake kikamshinda.

"Siku hizi unasuka," akasema hatimaye.

"Umepanda meli kuja kuniambia hivyo?"

"Hapana. Nimekuja kukuposa."

Kitambaa kikasimama. "Na alasiri unaondoka."

"Ukisema nisiondoke, siondoki."

Binti aliiweka darubini mezani taratibu. Alimwambia, na hakupandisha sauti hata mara moja, kwamba hakuwahi kumchukia mama. Nyumba ilikuwa ya mama na mama ana haki ya kusema ndani ya nyumba yake. "Niliondoka kwa sababu nilikutazama wewe, na wewe ukatazama sahani."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa mama?"

"Mama, na ile ngazi." Nilisikia anavuta pumzi. "Nilikuja kukuona mazoezini, mara moja, hukujua. Sikulala siku hiyo. Mama aliposema yale, kuna sehemu ndani yangu ilishukuru. Nikajua kama atakuzuia yeye, mimi sitahitaji kukuzuia."

Nilimtazama kupitia kioo cha dirisha. Jasho lilikuwa linamtoka kama yeye ndiye anayeng'olewa jino.

"Na leo?"

"Leo nimeogopa vilevile. Nadhani nitaogopa mpaka uzeeni. Lakini nimekuona pale, na sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Yule ndiye wewe. Nikikuondoa pale sijui nitakuwa nimeoa nani."

Redio iliita meli fulani, ikanyamaza. Binti alikwenda kuzima birika, akabaki pale, ametupa mgongo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu kidogo na sauti ileile.

"Nakupenda," akasema. "Nilidhani itaisha, haikuisha, na inaniudhi. Lakini mimi siingii nyumba ya mtu kwa kujipenyeza. Mama yako alinikataa kwa mdomo wake. Atanipokea kwa mdomo wake, la sivyo tuache. Sitaki uniletee salamu zake, na sitaki uniambie ameridhika. Nataka nimsikie mwenyewe."

"Namwambia leo hii."

"Mwambie. Leo mimi ndiye nitakayewatoa. Tukishafika nje ya miamba nashuka, na mkishakwenda, mmekwenda."

Daktari hakupata hata nafasi ya kugeuka. Ngazi zilisikika zikipandwa na mtu mwenye magoti mabovu, pumziko kila baada ya hatua, na mlango ukafunguliwa. Alikuwa wifi, anahema, kofia yake mpya imekaa upande, mkononi mfuko wa machungwa.

"Samahanini," akasema, macho bado yamejaa mwanga wa nje. "Kule dukani wameniambia marubani wanakaa hapa. Namtafuta yule kijana aliyetuingiza asubuhi. Nimemletea machungwa. Sina shida naye, nataka tu nimshike mkono."

Niliinuka kumpisha kiti changu.

Binti akasimama wima. "Ni mimi, Mama. Shikamoo."

Wifi alimtazama. Alitazama viatu vyenye chumvi, akatazama kofia ngumu juu ya meza, akatazama zile nywele, na usoni mwake niliona mambo mawili yakigombana na hakuna lililoshinda. Hakuitikia. Hilo, ninyi mnajua, ni jambo zito. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Ulijua tunakuja hapa."

"Nilijua, Mama." Na Daktari hakutazama chini. "Siku ile ulisema, nikanyamaza, na ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nampenda huyu, na sitakuletea mwingine. Na sitamwomba aache kazi yake, kwa hiyo na wewe nakuomba usimwombe."

Wifi aliweka machungwa mezani. Moja likabingirika likaanguka, na hakuna aliyeliokota. Alitoka, nikamfuata, kwa sababu mtu mwenye magoti yale hashuki ngazi za mawe peke yake hata akiwa na hasira.

Hasira haikuwepo, na hilo ndilo lililonitisha. Melini alikaa kwenye kiti cha sitaha, chai yake ikapoa. Nikaanza mimi.

"Wifi, asubuhi ulimwombea mke mwema."

"Nyamaza."

"Nyumbani kwako umetoka kitandani usiku miaka yote. Kaka yangu alikuwa akipapasa upande wako wa kitanda anakuta mto. Hivi wewe hukuwa mke?"

"Ndiyo maana nilisema," akajibu. "Unadhani nilimkataa kwa kumdharau? Nilimkataa kwa kumjua. Nilitoka usiku kuzalisha watoto wa watu, na wa kwangu akalala kwa jirani. Asubuhi nikirudi ananisalimia kama mgeni. Kaka yako hakulalamika hata siku moja, na mimi sijajisamehe. Sikutaka mwanangu aishi upande ule wa kungoja."

Sikulijua hilo. Tumekuwa mawifi tangu ujana na sikulijua. Nikamshika mkono, tukatazama milima.

"Lakini, wifi," akasema baadaye, polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo, "asubuhi ile, nilipodhani ni mwana wa mwanamke mwingine, sikumwona mtu anayeharibu nyumba. Nilimwona malaika."

Alasiri upepo ulikuwa umeongezeka. Binti alipanda melini gatini, kwa daraja la kawaida, akatupita akiinamisha kichwa, akaenda usukani. Alitupitisha kwenye mwanya kama alivyotuingiza, ingawa safari hii bahari ya nje ilikuwa imechafuka, na mawimbi yakipiga mwamba yanaruka juu kuliko bendera. Niliona rangi ambazo katika vitambaa vyangu vyote sina: kijani kinachogeuka cheusi, na nyeupe inayochomwa na jua mpaka inaumiza macho. Tulipotoka, meli ikaanza kuinuka na kushuka. Boti ya njano ilikuwa inatungoja, na mara nyingine huioni.

Nahodha alishuka naye hadi kwenye reli. Nilimsikia akimwambia kwamba si lazima. Marubani wakati mwingine huchukuliwa mpaka bandari inayofuata, chumba kipo, chakula kipo, kesho atarudi kwa njia ya nchi kavu. Binti akaitazama bahari kwa makini, kama mtu anayesikiliza.

Daktari alikuwa hatua chache kutoka kwake. Neno lilikuwa pale mdomoni, tulikuwa tunaliona sote: baki. Muda wote mpaka kesho wa kuwa naye, na sababu ya kutosha, na nahodha mwenyewe kaleta. Binti akamtazama. Nafikiri alikuwa anangoja kusikia.

"Wewe ndiye unayeijua," Daktari akasema. Alikuwa mweupe midomoni. "Ukisema inashukika, inashukika."

Uso wa binti ulilainika kwa namna iliyonifanya nitazame pembeni. "Inashukika," akasema. "Na kuna meli ya mizigo nje inaningoja, haina mtu wa kuiingiza." Akavaa glavu zake, akakaza mikanda, akageukia reli.

"Ngoja," wifi akasema.

Alikuja akishikilia viti, sitaha inamyumbisha, na mabaharia wawili waliokuwa wameshika ngazi wakampisha. Akasimama mbele ya binti. Wifi ni mfupi, ilibidi anyanyue uso.

"Mchana ulinipa shikamoo, sikuitikia," akasema. "Marahaba."

Binti hakutikisika.

"Nilikukataa mbele ya watu, na sasa nasema mbele ya watu. Mama yako yupo?"

"Yupo, Mama. Nyumba yenye mlango mwekundu, juu pale."

"Basi nitakuja kwake. Sitamtuma mtu, wala sitampeleka huyu wifi yangu ambaye maneno yake ni mengi. Nitakuja mwenyewe na magoti yangu haya, nipande ngazi zenu za mawe, nimwombe anipe binti yake awe mtoto wangu. Na kazi yako ni kazi yako. Mtoto akizaliwa, usiku ukiitwa, mimi nipo, nimestaafu. Hatalala kwa jirani."

Upepo ulikuwa unapiga kelele, lakini nadhani hakuna aliyekosa kusikia. Boti ilipiga honi kule chini. Nahodha akakohoa, akasema boti iko tayari, rubani.

Binti hakwenda. Alikuwa amesimama na mkono mmoja kwenye reli, yuleyule niliyemwona akikanyaga hewani asubuhi bila kupepesa.

"Samahani, nahodha," akasema, na sauti ile ya chini, ambayo meli nzima iliitii, ilikatika katikati. "Nipe kidogo. Nina machozi. Sioni ngazi."

Akainua glavu ajifute, wifi akamshika kifundo cha mkono.

"Mikono yako iache," akasema. "Ina kazi."

Akavuta ncha ya mtandio wake, akamfuta jicho moja, akamfuta la pili, taratibu, kwa vidole vilevile vilivyofuta nyuso za watoto wa watu siku yao ya kwanza duniani. Akamtazama kuhakikisha. Akamfuta tena pembeni ya pua. Meli ikapanda, ikashuka, na hakuna aliyediriki kuwaharakisha, wala nahodha.

"Haya," wifi akasema. "Sasa unaona?"

"Naona, Mama."

"Basi shuka, mwanangu."